Kusomea ubaharia: Ada inalipika, kupata meli ndiyo kazi

MINADA ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, fedha za malipo ya kwanza huwa zimeshagawanywa kichwani. Kuna vibarua wa palizi wanaodai, kuna mabati ya chumba cha nyuma, kuna dukani kulikokopwa sukari tangu Machi. Na katika nyumba yenye kijana aliyefaulu hisabati na fizikia, kuna pia barua ya kujiunga na chuo.

Miongoni mwa barua hizo, zile za Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) siku hizi zinafika hata kwenye nyumba ambazo hakuna aliyewahi kupanda meli, kuanzia Newala na Kyela hadi Sengerema. Si ajabu. Kwa miaka kadhaa sasa wananchi wamekuwa wakisikia habari za uchumi wa buluu, Zanzibar imeunda wizara yenye jina hilo tangu 2020, na vijana wanaambiana kwamba baharia analipwa kwa dola.

Kuhusu dola, vijana hawajakosea. Kima cha chini cha mshahara wa msingi wa baharia mzoefu wa sitahani, kinachokubaliwa ndani ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), kilikuwa dola 673 za Marekani kwa mwezi mwaka 2025, na kilipangwa kupanda hadi dola 690 kuanzia Januari 2026. Hicho ni kiwango cha mtu wa chini, bila saa za ziada. Ofisa wa zamu au mhandisi wa meli hulipwa zaidi ya hapo kwa mbali. Kazi nazo zipo. Ripoti ya mwaka 2021 ya vyama viwili vya kimataifa vya wenye meli, BIMCO na ICS, ilikadiria kuwa meli za biashara duniani zilikuwa na mabaharia milioni 1.89, na kwamba maofisa wengine 89,510 wangehitajika hadi kufikia 2026.

Kwa hiyo mzazi anayeuza korosho, mpunga au ng'ombe ili mtoto akasome ubaharia hafanyi jambo la kipuuzi. Kosa linalofanyika ni la hesabu. Wazazi wengi hupiga hesabu ya ada na ya chumba cha kupanga Dar es Salaam, wakafunga daftari. Gharama inayovunja mpango wote haimo kwenye barua ya chuo, kwa kuwa inakuja baada ya mtihani wa mwisho.

Cheti cha darasani na cheti cha melini

DMI ni chuo cha serikali. Kilianza mwaka 1978 kama kitengo cha kufundisha mabaharia wa ngazi za chini, na kikawa taasisi kamili kwa Sheria Namba 22 ya mwaka 1991. Leo kinatoa mafunzo ya muda mfupi, astashahada, stashahada na shahada katika unahodha, uhandisi wa meli, na usimamizi wa meli na usafirishaji wa mizigo.

Anayehitimu unahodha au uhandisi wa meli hapati leseni ya kazi kwa kufaulu darasani pekee. Taaluma hii inaongozwa na mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo ya mabaharia, unaojulikana kwa kifupi kama STCW, uliotungwa 1978 na kufanyiwa marekebisho makubwa 1995 na 2010. Kwa mujibu wa mkataba huo, anayetaka kuwa ofisa wa zamu sitahani katika meli ya tani 500 na zaidi lazima awe amekaa baharini si chini ya miezi 12 akiwa ndani ya programu iliyoidhinishwa, huku kila alichojifunza kikiandikwa katika daftari maalumu la mafunzo na kutiwa saini. Angalau miezi 6 kati ya hiyo awe amefanya zamu kwenye chumba cha kuongozea meli, chini ya usimamizi. Asiyepitia programu iliyoidhinishwa hudaiwa miezi 36. Upande wa mitambo, miezi 12 inaweza kuchanganya karakana na bahari, lakini humo nako lazima miezi 6 iwe ya zamu katika chumba cha injini.

Ni baada ya hapo tu ndipo kijana anapokwenda kufanya mtihani wa cheti cha umahiri, ambao kwa Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA). Cheti hicho ndicho anachokitaka mwenye meli. Stashahada peke yake, hata iwe na alama nzuri namna gani, haimruhusu mtu kushika zamu.

Mkulima wa kusini anaweza kulielewa hili kuliko mtu wa mjini. Mkorosho huanza kutoa matunda kwenye mwaka wa tatu hivi. Miaka yote ya kulima na kupogolea hutegemea wiki chache za maua, na ubwiriunga ukiingia wakati huo, shamba zima huwa majani matupu. Kwa mwanafunzi wa ubaharia, wakati wa maua ni ile miezi 12. Akiipata, mti unazaa. Akiikosa, familia inabaki na msomi wa unahodha anayeuza vocha Temeke.

Meli ziko wapi?

Swali la meli za kufanyia mafunzo ndilo ambalo mijadala ya uchumi wa buluu hulikwepa. Nchi inaweza kujenga madarasa, kuajiri walimu na kununua mashine za kuigiza uendeshaji wa meli. Lakini bahari haina karakana ya kutosha wanafunzi 200 kwa wakati mmoja. Meli kubwa ya mizigo ina mabaharia 20 na ushei tu, na vitanda vya wanafunzi ni viwili, pengine vitatu, pengine hakuna.

Zamani nchi za eneo hili zilikuwa na jibu. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilimiliki pamoja shirika la meli la Eastern African National Shipping Line, lililoanzishwa 1966. Shirika hilo lilikufa mwaka 1980, na pamoja nalo zikaondoka meli ambazo serikali zingeweza kuziamuru zichukue vijana. Kampuni ya ubia kati ya Tanzania na China, Sinotaship, iliyoundwa 1967, imebaki, lakini kampuni moja haiwezi kubeba mzigo wa chuo kizima.

Wapo wanaodhani Ziwa Victoria litaziba pengo hilo, hasa baada ya meli ya MV Mwanza, iliyosanifiwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, kushushwa majini Februari 2023. Mzazi wa Kanda ya Ziwa ana haki ya kuifurahia meli hiyo kwa sababu ya samaki, mchele na ndizi zake. Kwa muda wa baharini wa mtoto wake, hata hivyo, asiitegemee. Mkataba wa STCW unahusu meli za baharini, na umeziacha nje meli zinazotembea kwenye maji ya ndani pekee. Vyombo vya uvuvi navyo vina mkataba wake. Kijana anaweza kufanya kazi ziwani miaka mitano, akawa fundi hodari na mwenye cheti halali cha ziwani, kisha akafika kwa wakala wa meli za nje na kuambiwa kuwa hajaanza.

Jambo la kushangaza ni kwamba bendera ya Tanzania inapepea kwenye meli nyingi za kigeni. Zanzibar ina daftari la wazi la usajili, ambalo mwenye meli wa nchi nyingine anaweza kusajili chombo chake humo kwa kulipa ada. Daftari hilo limewahi kuleta fedheha. Januari 2018 Rais John Magufuli aliagiza usajili wa meli za nje usitishwe kwa muda, baada ya meli zenye bendera ya Tanzania kukamatwa zikihusishwa na dawa za kulevya na silaha. Mjadala wa wakati ule ulihusu heshima ya nchi, na ulistahili. Haukugusa swali jingine lenye uzito kwa mzazi: meli inayotumia bendera ya nchi, je, haiwezi kudaiwa kitanda kimoja cha mwanafunzi?

Uingereza ilishawahi kulijibu swali kama hilo. Ilipoanzisha mwaka 2000 kodi nafuu ya meli inayokokotolewa kwa ukubwa wa chombo badala ya faida, iliweka sharti kwamba kampuni inayochagua kodi hiyo ifundishe mwanafunzi mmoja kila mwaka kwa kila nafasi 15 za maofisa ilizo nazo. Mwenye meli anapata nafuu, nchi inapata ofisa. Sharti la namna hiyo halihitaji serikali inunue meli hata moja.

Kenya nayo ilifuata njia ya makubaliano. Chuo cha Bandari cha Mombasa kilipandishwa na kuitwa Bandari Maritime Academy mwaka 2018, na karibu na wakati huo serikali ikaingia ubia na kampuni kubwa ya meli ya MSC, kwa matarajio kwamba vijana wa Kenya wangepata kazi kwenye meli zake. Ajira zilipatikana, ila nyingi za mwanzo zilikuwa za huduma katika meli za watalii. Hizo ni kazi halali na zina mshahara. Lakini kupika na kutandika vitanda hakumhesabii mtu zamu za unahodha, na mzazi hapaswi kuchanganya mambo hayo mawili anaposikia tangazo la "kazi za meli".

Soko la wanaosubiri

Pale wanafunzi wanapozidi vitanda, huzaliwa soko. Ufilipino, taifa linaloongoza kwa kutoa mabaharia, linaonyesha pande zote mbili za soko hilo. Mabaharia wake hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 6 kwa mwaka, na utaratibu wa nchi hiyo unadai asilimia 80 ya mshahara wa msingi ipelekwe moja kwa moja kwa familia. Huko huko Manila, imeripotiwa mara nyingi kuwa vijana waliomaliza vyuo vya ubaharia hufanya kazi bila malipo katika ofisi za mawakala, wakifagia, wakitumwa chai na kuendesha magari ya wakubwa, kwa matumaini kwamba siku moja watapewa nafasi ya mafunzo melini. Wengine husubiri kwa miaka.

Dar es Salaam na Mombasa si Manila, lakini mazingira ya udanganyifu ni yale yale. Mtu anapiga simu kijijini, anasema kijana wenu ana bahati, kuna meli inaondoka wiki ijayo, zinatakiwa fedha za "kushughulikia". Kwa kuwa familia imeshatumia miaka mitatu, haiko tayari kuipoteza kwa ajili ya kiasi kidogo kilichobaki. Ndipo huuzwa ng'ombe wa mwisho au ekari ya bondeni, tena kwa bei ya haraka.

Sheria ipo wazi kuhusu hili. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2014 na Tanzania 2019, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama ambazo baharia anaweza kubeba mwenyewe ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti na nyaraka za binafsi za namna hiyo. Viza ni juu ya mwenye meli. Anayetaka zaidi ya hapo anavunja mkataba, hata kama ana ofisi yenye kiyoyozi.

Kupata meli yoyote nako hakutoshi. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji (ITF) lilihesabu meli 312 zilizotelekezwa na wenyewe mwaka 2024, zikiwa na mabaharia 3,133 ndani yake, bila mishahara na wakati mwingine bila chakula. Tangu Januari 2017 meli zinazofungwa na mkataba huo lazima ziwe na dhamana ya fedha inayofidia mishahara ya hadi miezi minne na nauli ya kurudi nyumbani. Hati ya dhamana hubandikwa melini mahali pa wazi. Kijana anayepewa mkataba anaweza kuiulizia kabla ya kusaini, na asiyeulizia hana wa kumlaumu baadaye.

Hesabu ya mkulima

Kwa mkulima, shida kubwa ni mtiririko wa fedha. Mwenye korosho ana nafuu kwa sababu minada na muhula wa kwanza huangukia msimu mmoja. Mwenye mpunga wa Kilombero au Kyela huvuna katikati ya mwaka, bei ikiwa chini, ilhali chuo kinamsubiri Oktoba au Novemba. Akiuza yote Juni ili "ada isije ikapotea", anakuwa ameshalipa ada kubwa kuliko iliyoandikwa. Kama ghala la ushirika lenye stakabadhi lipo karibu, au hata ghala lake mwenyewe ni kavu, ni heri auze kwa mafungu. Vyuo vya umma kwa kawaida hupokea ada kwa awamu, na utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Mikopo nayo isisahaulike. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukopesha wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 ilifungua mlango kwa baadhi ya stashahada za kipaumbele, zikiwamo za usafiri na usafirishaji. Dirisha la maombi hufungwa kabla ya wengi vijijini kusikia kuwa lilifunguliwa.

Lakini fungu muhimu kuliko yote ni la pili, la baada ya chuo. Humo kuna cheti cha afya, pasipoti, kitabu cha baharia, kozi fupi za usalama ambazo nyingine lazima zirudiwe kila baada ya miaka mitano, na kodi ya chumba cha kusubiria meli Dar es Salaam. Familia inayotenga shilingi 100 kwa ajili ya safari hii isitumie zaidi ya 60 kwa masomo ya darasani. Kama 60 hazitoshi kumaliza masomo, basi mpango wa uofisa ni mzito kuliko shamba, na ni bora kulijua hilo mapema.

Zipo njia nyepesi zaidi. Baharia wa ngazi ya chini anayesaidia zamu hudaiwa miezi 6 tu baharini, au mafunzo maalumu pamoja na miezi 2, na anaweza kuanza kupata kipato wakati mwenzake wa unahodha bado yuko darasani. Wa usimamizi wa meli na usafirishaji hahitaji muda wa baharini hata siku moja. Huyu huenda kwa mawakala wa forodha, kwenye bandari kavu au kwa wasafirishaji. Mfanyabiashara mdogo aliyewahi kutozwa faini ya kuchelewesha kontena kwa sababu hakuelewa hati zake anajua thamani ya kuwa na mtoto wa aina hiyo nyumbani. Wasichana nao wengi huelekezwa huko, ingawa sitahani na kwenye injini hakuna sheria inayowazuia. Ripoti ile ya 2021 iliwahesabu wanawake kuwa asilimia 1.28 tu ya mabaharia wote.

Kipimo kimoja kinapaswa kutangulia hata fomu ya maombi, nacho ni cha macho. Usiku meli huonyesha taa nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia, na ofisa asiyetofautisha rangi hizo hawezi kupewa zamu sitahani. Wapo wanaogundua tatizo hilo wakati wa kutafuta cheti cha afya, ada ya miaka yote ikiwa imeshalipwa. Kipimo kinafanyika katika kliniki ya macho ya hospitali ya wilaya au mkoa.

Wa kijijini naye ni abiria

Huenda mkulima asiye na mtoto chuoni akaona habari hii haimhusu. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, siku ya gulio, kikiwa kimejaza watu na mizigo kupita uwezo wake wa abiria 101. Watu zaidi ya 220 walikufa, wengi wao wakulima na wachuuzi waliokuwa wakitoka au kwenda sokoni. Rais Magufuli alieleza kuwa nahodha hakuwamo, na kwamba usukani ulikuwa umeachiwa mtu asiye na mafunzo ya kutosha. Kabla ya hapo kulikuwa na MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander 2011 na Skagit 2012.

Vivuko na meli za mwambao hazilipi dola. Kijana aliyemaliza miezi 12 akapata cheti cha kimataifa hatarudi kwa urahisi kushika usukani kati ya Bugolora na Ukara, na asiyeipata miezi hiyo mara nyingi huiacha taaluma kabisa. Hapo katikati ndipo vyombo vinavyobeba magunia ya mihogo na dagaa hukosa watu waliofundishwa. Wizara yenye dhamana ya uchukuzi inaweza kuanza na jambo dogo: kila meli inayosajiliwa au kuhuishiwa usajili chini ya bendera ya Tanzania, na kila kampuni inayopewa zabuni ya kubeba mzigo wa serikali, itaje idadi ya wanafunzi wa DMI itakaowachukua na kwa miezi mingapi, na orodha hiyo ibandikwe chuoni kabla ya udahili kufunguliwa. Mzazi wa Tandahimba akiikuta orodha ina nafasi 30 na darasa lina wanafunzi 150, ataamua mwenyewe fedha za mnada wa kwanza aziweke wapi.